MAJI YA MOTO YA SEMPAYA: NANI ALIFIKA WA KWANZA?

Nawasalimu ninyi jamaa mliokimbia vita, mnaolala leo katika kambi, katika vyumba vya masomo, katika makanisa, ao kwa ndugu aliyekubali kugawa mkeka wake. Nawasalimu ninyi mliowapokea. Nawasalimu wazee, wamama, vijana, mashefu wa vijiji na wakubwa wa avenyu.

Leo nitazungumza nanyi juu ya historia ya chemchemi moja ya maji ya moto. Pengine mtu atasema: «Sisi tunatafuta unga na hema, yeye anatuletea habari za chemchemi ya porini.» Ndugu zangu, mnivumilie kidogo. Historia hiyo niliifuata kwa sababu ya ugomvi, na ugomvi wenyewe ulikuwa juu ya maji.

Ilikuwa kando ya mji mmoja wa hapa kwetu. Palikuwa na bomba moja la maji. Upande mmoja wa njia walikaa wenyeji, upande wa pili walikaa wakimbizi wa ndani. Wenyeji walisema: «Sisi tulifika hapa wa kwanza. Wageni wachote wakati sisi tumemaliza.» Wakimbizi walijibu: «Bomba hili lililetwa kwa jina letu. Kama si sisi, mngekuwa mnashuka bado mtoni.» Asubuhi moja wasichana wawili walivutana juu ya zamu, bidoni ikarushwa, na mmoja wao akapasuka kichwa. Jioni ile vijana wa pande zote mbili walikuwa wameshika fimbo na mapanga.

Niliitwa niende kusema nao. Mimi nimesoma sheria, basi nikaenda na Katiba mkononi. Nikawasomea kifungu cha 48 cha Katiba yetu ya mwaka 2006, kinachosema kwamba haki ya kupata maji safi ya kunywa inalindwa. Watu wakapiga makofi. Kisha wenyeji wakasema: «Mmesikia? Sheria iko upande wetu.» Na wakimbizi wakasema: «Mmesikia? Sheria iko upande wetu.» Nikabaki na kitabu changu mkononi, wala sikujua nigeukie wapi.

Hapo koko mmoja, aliyekimbia kutoka Watalinga, akaniita pembeni. Akaniambia: «Mtoto wangu, wewe umesoma. Je, unayajua maji ya moto ya Sempaya?» Nikamwambia siyajui. Akasema: «Basi keti. Yule ambaye habari za maji yale zinaanza kwake alikuwa mgeni.»

Akanisimulia, nami tangu siku ile nikaanza kuulizauliza na kusoma juu ya mahali pale. Niliyoyapata ndiyo ninayowaletea leo.

MAHALI PENYEWE

Sempaya iko Uganda, katika wilaya ya Bundibugyo, chini ya milima ya Rwenzori, si mbali na mto Semliki unaotenga Uganda na Kongo yetu. Mtu akitoka Fort Portal, njia inapanda na kuzunguka mlima, halafu inashuka kwa ghafula mpaka bondeni, na huko chini anakuta msitu mkubwa. Msitu huo ni mkono wa msitu wetu wa Ituri. Miti yake ni miti ya Kongo, na ndege wengi walioko pale hawaonekani mahali pengine popote katika Uganda. Mwaka 1932 wakoloni Waingereza waliufanya kuwa msitu wa akiba, na mwaka 1993 serikali ya Uganda ikaufanya kuwa parke ya taifa, parke ya Semuliki, yenye kilomita za mraba 220.

Jina la Sempaya linawahusu wote wanaosema Kiswahili. Inasemekana kwamba zamani za wakoloni, wakati njia ya Bundibugyo ilipokuwa ikichongwa, wafanyakazi walifika kwenye mawe makubwa, kazi ikawa ngumu mno. Wakapaita mahali pale «sehemu mbaya». Wenyeji wakalitamka neno hilo kwa ulimi wao, likawa Sempaya. Kwa hiyo jina lenyewe ni lalamiko la wafanyakazi waliochoka.

Katikati ya msitu, katika uwanja wenye majani na matope, maji yanatoka ardhini yakichemka. Ziko chemchemi mbili ambazo watu wa pale wanazijua kuwa ya mwanaume na ya mwanamke. Kutoka moja mpaka nyingine ni mwendo wa kupita msituni na kwenye madimbwi. Moshi wa maji unaonekana kutoka mbali, zaidi asubuhi wakati wa baridi. Harufu yake ni kama ya yai lililooza, kwa sababu ya madini yaliyomo. Maji yamepimwa, na moto wake unakaribia nyuzi 98. Kwa urefu wa mahali pale juu ya usawa wa bahari, huo ndio moto wa maji yanayochemka chunguni. Wageni hutumbukiza mayai, na baada ya dakika kama kumi yameiva. Makemba pia huiva, ila yanataka saburi zaidi. Lakini pembeni mwa maji ardhi ni laini, na asiyefuata njia anaweza kuzama mguu na kuungua vibaya. Kwa hiyo hakuna anayetembea pale bila kuongozwa.

Wengi wetu tuliokaa karibu na Nyiragongo na Nyamulagira tunadhani kwamba kila maji ya moto yanatoka kwenye volkano. Sivyo. Rwenzori si volkano. Ni jiwe kubwa la zamani sana lililosukumwa juu wakati bonde hili lote, kutoka ziwa Albert mpaka ziwa Tanganyika, lilipokuwa likipasuka na kushuka. Kando ya mlima ziko nyufa ndefu zinazokwenda chini sana. Wataalamu walipoyachunguza maji ya Sempaya, waliona kwamba ni maji ya mvua na ya theluji iliyoanguka juu mlimani. Yanaingia katika nyufa, yanashuka mpaka mahali mawe yanapokuwa na moto, halafu yanarudi juu kwa ufa mwingine.

Na mlima huo ni wa nani? Kilele chake, kinachoitwa Margherita, chenye metre 5,109, ni mpaka. Mteremko mmoja ni Kongo, mwingine ni Uganda. Lakini mvua hainyeshi kwa kuangalia karatasi za uraia.

MGENI ALIYEPEWA MKE

Sasa nisimulie hadithi ya koko. Baadaye niliikuta pia inasimuliwa na watu wa upande wa Uganda, ingawa kila msimulizi anaongeza na kupunguza. Ni hadithi ya ukoo wa Bamaga.

Zamani, kabla maji ya moto hayajatokea, wanawake walikwenda msituni kutafuta kuni. Wakamkuta mtu wasiyemjua. Mwili wake ulikuwa umejaa nywele, amevaa nguo ya gome la mti, ana mkuki na mbwa wa kuwinda. Wanawake wakaogopa, wakarudi mbio kijijini. Wanaume wakaenda kumtazama. Hawakumchoma mkuki, bali walimleta nyumbani. Jina lake lilikuwa Biteete. Akakaa nao, nao wakampa mke, jina lake Nyansimbi.

Biteete alipenda kuwinda. Siku moja akatoka na hakurudi. Watu wakamtafuta, wakaona mkuki wake tu, na mahali pale maji yalikuwa yakitoka yanachemka. Nyansimbi alipopata habari, hakukubali kungoja. Akaenda kumtafuta mume wake, naye hakurudi. Wakakuta vitu vyake mahali pengine, na pale pia maji yalikuwa yakichemka. Ndiyo sababu moja ni ya mwanaume na nyingine ya mwanamke. Watu wa ukoo ule wameendelea kufanya ibada zao pale, wanaume kwenye chemchemi ya mwanaume, wanawake kwenye ile ya mwanamke, wakileta kuku, mbuzi na kondoo.

Mimi siwaambii kwamba maji yalitoka ardhini kwa sababu ya Biteete. Nimekwisha kueleza habari za mvua na nyufa. Lakini hadithi za wazee zina ushuhuda wa namna nyingine: zinaonyesha yale ambayo watu waliona yanafaa kukumbukwa. Na watu hawa, walipotaka kusema mahali pao pa heshima palianzaje, hawakusema: «Babu yetu alikuwa hapa tangu dunia kuumbwa.» Walisema: «Alikuja mtu tusiyemjua, tukamwogopa, kisha tukamkaribisha na kumpa binti yetu.» Wazee wetu wa Kiswahili wana methali: mgeni njoo, mwenyeji apone.

MPAKA ULIOPITA KATIKATI YA JAMAA

Sasa tuje kwenye historia iliyoandikwa. Mwaka 1885, Mfalme Leopold wa Ubelgiji alipojitangazia Dola Huru ya Kongo, mpaka wa mashariki ulitajwa kwa mstari wa kuchora tu, mstari wa nyuzi 30, ambao wachoraji wenyewe hawakujua sawasawa unapita wapi ardhini. Kwa miaka mingi Waingereza na Wabelgiji waligombania Rwenzori na bonde la Semliki. Mwaka 1910, huko Bruxelles, walipatana, na mwaka 1915 mpaka ukaelezwa kwa urefu: kutoka vilele vya Rwenzori, kushuka na mto Lamia mpaka unapoingia Semliki, kisha kufuata Semliki mpaka ziwa Albert.

Hakuna mzee wa Watalinga wala wa Bwamba aliyeulizwa. Boga, ambayo leo ni Ituri, ilikuwa ikihesabiwa pamoja na ufalme wa Tooro. Mwaka 1896 mwinjilisti Apolo Kivebulaya, Mganda, alipovuka kwenda kufundisha Boga, hakufikiri kwamba anakwenda nchi ya ng'ambo. Alipokufa mwaka 1933, Boga ilikuwa Kongo ya Wabelgiji, naye akazikwa huko. Lugha inayoitwa Kitalinga kwetu inaitwa Kibwisi upande wa pili, lakini ni lugha moja. Wanande wa kwetu na Wakonzo wa kwao ni ndugu. Na mto wenyewe, uliofanywa ukuta, haukai mahali pamoja. Semliki hula kingo zake na kubadili njia, hata shamba la mtu laweza kulala upande mmoja na kuamka upande wa pili.

Ndiyo maana, shida inapokuja, watu wa bonde hili wanavuka. Wakati wa vita vya Mulele na Simba, mwaka 1964 na 1965, Wakongomani walikimbilia Uganda. Katika miaka ile ile Wakonzo na Wamba, walioanza kuasi utawala wa Tooro mwaka 1962 wakidai Rwenzururu, walikuwa wakikimbilia kwa ndugu zao upande wetu wa mlima. Mwaka 1996 waasi wa ADF walianza vita yao katika mlima huu, na katikati ya mwaka 1997 wakaingia mji wa Bundibugyo. Wakaaji wengi wa wilaya ile wakaacha mashamba yao ya kakao na kahawa, wakaishi katika kambi kwa miaka. Watu wa Sempaya wanajua hema la plastiki lina joto gani saa sita mchana.

Kisha zamu ikatufikia sisi. Tarehe 11 mwezi wa saba mwaka 2013, ADF walishambulia Kamango, katika Watalinga. Katika siku chache zaidi ya watu 60,000 walivuka kwenda Bundibugyo. Koko yule alikuwa mmoja wao. Aliniambia kwamba usiku wa kwanza walilala chini ya mikakao ya mtu wasiyemjua. Asubuhi mwenye shamba akaja. Koko akadhani anakuja kuwafukuza. Yule mtu akawaambia: «Sisi nasi tulilala hivi. Msikate miti, basi. Kuni ziko kule.» Nawaomba mlikumbuke neno hilo, maana nitalirudia.

Wapo ambao kurudi kwao kulikuwa kubaya kuliko kukimbia. Mwezi wa tatu mwaka 2014, boti iliyojaa wakimbizi Wakongomani waliokuwa wakirudi kwao ilizama katika ziwa Albert, na zaidi ya 100 walikufa. Tuwakumbuke.

TUSIJIDANGANYE

Sasa, ndugu zangu, ningeweza kuishia hapa na kuwaambia: mmeona, watu wa maji ya moto ni watu wa ukarimu, na sisi tuwe kama wao. Lakini hayo yangekuwa nusu ya historia, na nusu ya historia huwadanganya watu.

Tarehe 5 mwezi wa saba mwaka 2014, haujaisha hata mwaka mmoja tangu wilaya ile ipokee watu wa Kamango, vikundi vya watu wenye silaha, wengi wao mapanga na mikuki, vilishambulia katika Bundibugyo, Kasese na Ntoroko. Makumi ya watu waliuawa, na wengine wakauawa katika visasi vilivyofuata. Hapakuwa na jeshi la kutoka mbali. Walikuwa majirani: Wakonzo na Wamba, wale wale ambao mwaka 1962 walisimama pamoja. Uganda ilikuwa imeutambua ufalme wa Rwenzururu mwaka 2009, na Wamba na Wabwisi nao walitaka ufalme wao. Swali lililowasha moto lilikuwa lile lile la bomba letu: hapa ni pa nani, na nani alifika wa kwanza?

Lakini angalieni jambo moja. Kama kufika wa kwanza kungekuwa ndiko kunampa mtu haki yote, basi katika msitu ule mwenye haki angekuwa nani? Wangekuwa Batwa, waliokaa msituni wakiwinda na kuchuma asali kabla ya wakulima wote. Na ni wao waliotolewa msituni ulipofanywa parke, wakabaki pembezoni mwa njia bila shamba. Hakuna kikundi hata kimoja katika wale waliopigana kilichosema: «Turudishe haki kwa aliyefika wa kwanza, ndiye Mtwa.» Na huku kwetu, ni nani anayewaachia Bambuti kiti cha mbele katika baraza? Kongo imepitisha sheria ya kuwalinda tarehe 15 mwezi wa saba mwaka 2022, na ni vizuri. Lakini sheria hiyo bado haijafika kwenye mabomba yetu mengi.

Kwa hiyo neno «sisi tulifika wa kwanza» mara nyingi halisemwi kwa ajili ya ukweli wa historia. Husemwa na mwenye nguvu kwa aliye dhaifu kuliko yeye, na hunyamaza mara anapotokea mtu aliyefika kabla yake.

SHERIA INASEMAJE?

Mashefu wetu mara nyingi wananiuliza sheria inasemaje. Nitasema kwa kifupi.

La kwanza: kwa sheria ya ardhi ya tarehe 20 mwezi wa saba mwaka 1973, ardhi ya Kongo ni mali ya dola. Wenyeji wana haki ya kuishi na kulima kwa desturi zao, na haki hiyo iheshimiwe. Lakini hakuna kabila linaloweza kusema kwamba linamiliki ardhi kiasi cha kumnyima mwananchi mwingine maji.

La pili: kifungu cha 30 cha Katiba kinampa kila mtu aliye katika nchi haki ya kutembea, kukaa anapotaka, kutoka na kurudi. Mkimbizi wa ndani, basi, si mgeni mbele ya sheria. Ni mwenye nchi aliyehamishwa na vita. Mkataba wa Umoja wa Afrika uliofanyika Kampala mwaka 2009, juu ya watu waliohamishwa ndani ya nchi zao, unasema vilevile kwamba asibaguliwe kwa sababu ya hali hiyo.

La tatu: wenyeji nao wana haki. Kifungu cha 48 kinapotaja maji, hakitaji kambi peke yake. Msaada unaopita mbele ya mlango wa mwenyeji maskini na kuingia kambini bila kumtazama unapanda mbegu ya chuki. Anayeleta bomba awaulize wote wawili.

Lakini, kama mlivyosikia, sheria niliyoisoma pale bombani haikuzima ugomvi. Sheria ilisema kwamba kila mmoja ana haki, lakini haikusema nani achote saa moja asubuhi na nani achote saa mbili. Hilo linataka watu waketi chini wapatane.

Na huko Sempaya je? Parke si mbinguni, nayo imeleta malalamiko, kama parke yetu ya Virunga tangu mwaka 1925. Ila kuna mambo yaliyopangwa. Wanaume na wanawake wa ukoo wanajua kila upande una chemchemi gani kwa ibada. Mgeni analipa anapoingia. Na tangu sheria ya Uganda ya mwaka 1996, sehemu ya 20 kwa mia ya malipo ya kuingia parke inatakiwa irudi kwa wakaaji wa kandokando. Kama fedha hizo zinafika zote, hilo wakaaji wenyewe wanapaswa kulifuatilia. Jambo ninalotaka mlione ni kwamba mahali pale panatumiwa na ukoo, na serikali, na wageni kutoka mbali, nao hawahitaji kumaliza kwanza swali la nani alifika zamani. Wanahitaji kujua nani anafanya nini, wapi, na kwa masharti gani.

Yule mwenye shamba la kakao alifanya vilevile. Hakusema, «Shamba hili sasa ni lenu.» Wala hakusema, «Ondokeni.» Alisema: msikate miti, kuni ziko kule. Kwa maneno hayo machache alilinda mali yake, na aliwapa watu mahali pa kulala. Hiyo ni sheria ndogo, na kila shefu anaweza kuitunga.

TULIRUDI BOMBANI

Siku ya pili nilirudi bombani, safari hii bila Katiba mkononi. Tulimwomba koko asimulie habari za Biteete na Nyansimbi mbele ya wote. Watu walicheka aliposema habari za nywele za mwilini. Hata vijana waliokuja na fimbo wakaketi. Kisha tukauliza swali moja tu: «Nani ana haraka zaidi ya maji asubuhi?» Wamama wa pande zote mbili wakajibu mara moja: mwenye mgonjwa, mwenye mtoto mchanga, na mtoto anayekwenda masomo.

Wakapanga zamu kwa kufuata jibu hilo, bila kuuliza mtu anakaa upande gani wa njia. Wakachagua komite ya watu sita, watatu na watatu, wanne kati yao wamama. Kila nyumba, ya mwenyeji na ya mkimbizi, ikatoa kidogo kwa mwezi ili bomba likiharibika litengenezwe. Familia ya msichana aliyeumia ikaombwa radhi mbele ya watu, na gharama ya dawa ikalipwa. Hilo la mwisho lilikuwa gumu kuliko yote, nalo lilichukua siku tatu.

Je, ugomvi uliisha? Hapana. Wakati wa kiangazi walikuwa wakipigiana kelele karibu kila juma. Lakini damu haikumwagika tena pale. Wahenga wana neno: maji ya moto hayachomi nyumba. Kelele za bombani ni maji ya moto. Mashefu, msiziogope wala msizikataze. Ziacheni zitoke mbele ya komite, mchana, watu wote wakisikia. Hasira inayozuiwa kusemwa mchana ndiyo inayokuja usiku na kiberiti.

Koko yule amerudi Watalinga mara mbili, na mara mbili akakimbia tena. Mwezi wa tano mwaka 2021 Boga na Tchabi ziliposhambuliwa, watu zaidi ya 50 wakauawa usiku mmoja, jamaa zake wengine walikuwa huko. Mara ya mwisho nilipomwona nilimuuliza kama hajachoka kukaribishwa na watu. Akanijibu: «Mtoto wangu, nimechoka sana. Lakini nikirudi kwangu, yuko mtu atakayelala chini ya miti yangu. Nataka nikumbuke namna ya kumwambia.»

Wapendwa wasikilizaji, tumefika mwisho. Ninyi mnaosoma maneno haya kwenye karatasi, msomeeni na asiyejua kusoma, kisha mketi pamoja na kuzungumza juu ya maswali haya:

1. Mahali mnapokaa, ni kitu gani mnachogombania kwa neno la «sisi tulifika wa kwanza»? Ni nani aliyefika kabla yenu wote, na je, anapewa nafasi ya kusema?

2. Mwenye shamba la kakao alisema masharti mawili mafupi. Shefu, ninyi mnaweza kuweka masharti gani mafupi juu ya maji, kuni ao shamba, yanayolinda mwenyeji na kumsaidia aliyekimbia?

3. Ninyi mliokimbia, ni nani aliyewapokea vizuri, na mtamfanyia nini yule atakayekuja kwenu siku mtakaporudi?

4. Katika komite zenu, wamama ni wangapi? Wanaochota maji ni nani?

Tukutane tena juma lijalo. Mungu awalinde ninyi nyote, wenye nyumba na wasio na nyumba.